Aiskrimu inayotoka jiwe: jibu kwa mama wa Pasua

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua, Moshi. Nimetengeneza aiskrimu nyumbani mara nne, na mara zote nne imetoka jiwe. Kijiko kinapinda, na ikilainika mdomoni ni chengachenga za barafu tupu. Nachukua maziwa lita moja kwa jirani mwenye ng'ombe, nachemsha, natia sukari vijiko vinne vya chakula na vanila kidogo, naweka friza hadi asubuhi. Baba watoto ameanza kusema napoteza maziwa. Je, ni lazima ninunue mashine? Na Desemba tunapanda Kibosho kwa bibi yao, huko hakuna friji. Kuna namna ya kuwatengenezea watoto kule kule?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako nikiwa jikoni hapa Arusha, nikafurahi kwa kuwa umetaja kila ulichoweka na kipimo chake. Wengi huniandikia "imegoma" tu, nikabaki nabahatisha. Kwa vipimo vyako nimeona mahali penye shida.

Shida ni maji. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa karibu asilimia 87, kwa hiyo lita uliyoitia friza ilikuwa na karibu gramu 900 za maji, na maji hayo hayakuwa yameshikwa na chochote. Maji yaliyo huru yakipata baridi hutafutana. Yanaanza kuganda pembeni mwa bakuli, punje moja ya barafu inavuta maji yaliyo jirani, inanenepa, usiku kucha hakuna anayeisumbua, na asubuhi unakuta jiwe. Ulimi huanza kuhisi chenga pale punje zinapozidi kama sehemu 5 katika 100 za milimita moja. Zikiwa ndogo kuliko hapo, mtu anasema "laini" na anaomba aongezewe. Aiskrimu yoyote, iwe ya kiwandani au ya jikoni kwako, ni kazi ya kuzuia punje zisikue.

Na kazi hiyo unaijua tayari. Ukipika mtori, ndizi mshare zikiwa chache, haupiti muda bakulini utaona supu imejitenga juu na ndizi zimekaa chini. Zikiwa za kutosha na ukaziponda vizuri, mtori unashikana hadi unapoa. Uji wa ulezi ni vivyo hivyo. Wanga umeyashika maji, hayana pa kukimbilia. Nataka uyashike maji ya maziwa kwa akili hiyo hiyo kabla hayajaingia friza.

Tuanze na sukari, kwa kuwa ndipo ulipopungukiwa zaidi. Vijiko vinne vya chakula ni kama gramu 50. Kwa lita moja ya maziwa ninayoyapunguza (nitakueleza) naweka gramu 160, yaani robo tatu ya kikombe na kijiko kimoja cha chakula juu yake. Najua utashtuka. Lakini sukari kwenye aiskrimu ina kazi mbili, na utamu ndio kazi ndogo. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Yakiwa na sukari kiasi hicho huanza kuganda nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na hata friza ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, sehemu ya maji hubaki kama sharubati nzito katikati ya punje za barafu. Sharubati hiyo ndiyo inayoruhusu kijiko kizame. Ukipunguza sukari umeiondoa sharubati, na jiwe linarudi. Ukizidisha sana nayo haigandi kabisa, inabaki uji. Baridi pia hupunguza utamu ulimini, kwa hiyo ukionja mchanganyiko ukiwa wa moto uone umezidi utamu kidogo. Ukipoa utakuwa umekaa sawa.

Sasa maziwa. Kuyachemsha hakuna mjadala, na nimefurahi kuona unachemsha. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya kutupa mimba na vya kifua kikuu, na friza haiviui, inavilaza tu. Lakini wewe unachemsha na kuzima. Mimi nataka yakishachemka upunguze moto, uyaache yatokote taratibu bila mfuniko, ukikoroga na kukwangua chini, hadi lita moja ibaki kama robo tatu ya lita. Ili usikisie, simamisha mwiko wa mti katikati ya sufuria mwanzoni, weka alama ya kisu pale maziwa yalipofika, kisha alama nyingine robo chini yake. Huwa inachukua kama nusu saa kwa moto mdogo. Jamaa zetu Wahindi hutengeneza kulfi kwa njia hii, wakiyachemsha maziwa hadi yanakuwa mazito kabisa, kisha wanayagandisha kwenye vikopo bila kuyapiga hata mara moja, na haitoki jiwe. Robo lita ya maji imeondoka kwa mvuke, na protini na mafuta yaliyobaki yamebanana.

Halafu kuna malai. Maziwa ya jirani yako, yakichemka na kulala, asubuhi yana utando mzito wa manjano juu. Nyumba nyingi utando huo huishia kwenye chai ya mtu mmoja anayeupenda, au mtoto anaulilia usiwekwe kwenye kikombe chake. Kuanzia leo uenguwe kwa kijiko, uweke kwenye kibakuli chenye mfuniko ndani ya friji, siku tatu mfululizo. Utapata karibu nusu kikombe. Hiyo ndiyo krimu yako. Mafuta hayagandi kama maji. Yanakaa katikati ya punje za barafu yakizizuia zisishikane, na ndiyo yanayoufanya mdomo ujisikie umefunikwa na kitu cha thamani. Krimu ya dukani yenye mafuta asilimia 35 inafanya kazi vizuri zaidi, sikatai, ila kwa matumizi ya kila wiki inaumiza mfuko, na mtu mwenye jirani mwenye ng'ombe hana sababu ya kuikimbilia.

Ongeza maziwa ya unga vijiko vinne vya chakula. Unga huo unakunywa maji yaliyobaki. Ukomee hapo. Ukiongeza zaidi, sukari ya asili ya maziwa hugandia ulimini kama mchanga laini, na hapo utakuwa umetoka kwenye chenga moja ukaingia nyingine.

Kiungo cha mwisho ni viini vya mayai vinne. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Piga viini na sukari kwenye bakuli mpaka vibadilike rangi, viwe vyeupe-vyeupe. Chota upawa mmoja wa maziwa ya moto, yamimine kwenye viini taratibu kama uzi huku mkono mwingine unakoroga bila kusimama. Ongeza upawa wa pili. Viini vimeshazoea joto sasa, ndipo uvimimine vyote kwenye sufuria. Rudisha kwenye moto mdogo sana, kama ni mkaa punguza makaa, na koroga kwa mwiko ukipita chini na pembeni. Mwanzoni utaona mapovu madogo juu. Yataanza kupotea, na mwiko utahisi uzito kidogo mkononi, kama uji unaokaribia. Hapo inua mwiko, ugeuze, pitisha kidole mgongoni mwake. Kama mstari wa kidole unabaki wazi na maziwa hayateremki kuufunika, ipua papo hapo. Joto lake ni karibu nyuzi 82. Ukisubiri dakika moja zaidi, likavuka 85, yai linashikana na utakuwa na mayai ya kuvuruga yenye sukari. Likianza kukatika, mimina haraka kwenye chujio juu ya bakuli lililokaa ndani ya maji baridi. Mara nyingi huokoka.

Kama viini vinakutia wasiwasi, tumia unga wa kastadi, vijiko viwili vya chakula vya kufuta, uvuruge kwanza na maziwa baridi. Huo ni wanga wa mahindi kwa sehemu kubwa, na tofauti na yai lazima uchemke kwa dakika moja au mbili, la sivyo utabaki na ladha ya unga mbichi. Sisilia huko Italia wana desturi ya kutengeneza aiskrimu kwa wanga bila yai, na ni tamu sana. Kwa viini inakuwa nzito na tajiri, kwa wanga inakuwa nyepesi na ladha ya tunda inasikika zaidi. Mimi kwa vanila na kahawa napenda viini, kwa matunda napenda wanga.

Chumvi, pinchi moja. Vanila weka ukishaipua. Kama unaweza kupata kigogo cha vanila halisi, inayolimwa Kagera na hata kwenye miteremko ya mlima wenu huo, kipasue, ukwangue mbegu, ukichemshe na maziwa. Utashangaa tofauti yake na ya chupa.

Ipoze haraka kwa kuweka sufuria kwenye beseni la maji baridi, funika, na ilaze kwenye friji, sehemu ya kawaida, usiku mzima. Usiruke hatua hii. Usiku huo mafuta yanaganda na kuwa magumu, unga wa maziwa na protini zinamaliza kunywa maji. Asubuhi utakuta mchanganyiko umekuwa mzito kuliko ulivyouacha, na utajua maji yameshikwa.

Kuhusu mashine: usinunue. Mashine nyingi ndogo za nyumbani zina bakuli ambalo lazima likae kwenye friza kali kwa saa 24 kabla ya kazi, na kile chumba kidogo cha juu ya friji ya kawaida mara nyingi hakifiki baridi hiyo, au bakuli halienei. Utakuwa umetoa pesa na jiwe bado lipo. Mashine inafanya mambo mawili tu, kukoroga wakati mchanganyiko unaganda na kuingiza hewa. Mkono wako unaweza yote mawili.

Mimina mchanganyiko kwenye chombo kipana cha bati au alumini, usizidi kina cha vidole viwili, ili ugande haraka. Kuganda haraka kunatoa punje nyingi ndogo, kuganda polepole kunatoa chache kubwa. Geuza kitufe cha friji kwenye baridi ya mwisho tangu jana yake. Baada ya dakika 40 toa, kwangua pembeni palipoanza kushika, piga kwa nguvu kwa mashine ya mkono ya kupigia mayai au hata uma mbili. Rudisha. Fanya hivyo mara nne au tano, kila nusu saa. Ukiwa na blenda yenye nguvu kuna njia fupi: gandisha kwenye vitrei vya vipande vya barafu, acha vipande nje dakika tano, saga hadi viwe laini, rudisha friza saa mbili. Nimewafundisha wengi hiyo ya blenda na huwa inawapendeza kuliko zote, ila blenda dhaifu itaungua, hiyo usiijaribie.

Ukiihifadhi, bandika nailoni juu ya uso wa aiskrimu yenyewe kabla ya mfuniko, na umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia. Kila inapolainika na kuganda upya, punje ndogo huyeyuka kwanza na maji yake kwenda kunenepesha zile kubwa. Ikishayeyuka kabisa na kupata joto, usiigandishe tena. Iage.

Na mwambie baba watoto kwamba maziwa hayajapotea. Kama jiwe la mara ya nne bado liko friza, liyeyushe ndani ya sufuria, lichemshe upya, ongeza sukari iliyopungua, endelea na hatua hizi. Ute wa mayai uliobaki usitupe. Unashikisha katlesi na kababu vizuri sana, na unakaa friji siku mbili bila shida.

Ladha nyingine utazigundua mwenyewe, nakupa tahadhari chache tu. Nanasi na papai vikiwa vibichi vina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na aiskrimu inakuwa chungu. Pika tunda na sukari dakika tano kwanza. Pasheni ni chachu, itie mchanganyiko ukiwa baridi kabisa, kwenye moto itakata maziwa. Parachichi ni kinyume cha nanasi, lenyewe lisiguse moto kabisa maana hugeuka chungu. Lisage na maziwa baridi, sukari na ndimu, na kwa kuwa lina mafuta yake ya kutosha, hata malai huhitaji. Ndizi kisukari zilizoiva hadi zina madoa, zikaange kidogo kwa siagi na kijiko cha sukari zipate rangi, ndipo uzisage. Kahawa yenu ya mlimani itwange kubwa-kubwa, iloweke ndani ya maziwa ya moto robo saa, chuja. Na moja ninayoipenda kuliko zote: unga wa ulezi vijiko viwili, ukaange kwenye kikaango kikavu mpaka unukie kama karanga, uupike ndani ya maziwa badala ya unga wa kastadi. Wanga wake unashika maji, na ladha yake watoto wako wanaijua tangu uji wa kwanza.

Sasa Kibosho. Hili ndilo lililonifanya nikae chini niandike kwa urefu.

Kabla ya friji kuwepo watu walikuwa wanatengeneza aiskrimu kwa barafu na chumvi. Nancy Johnson wa Marekani alipata hataza ya chombo cha kuzungusha kwa mkono mwaka 1843, na ndani yake kulikuwa na kopo la bati katikati ya ndoo ya barafu yenye chumvi. Hakuna umeme hata tone. Barafu peke yake ina nyuzi 0, haiwezi kugandisha maziwa yenye sukari. Ukiitia chumvi inalazimika kuyeyuka hata ikiwa chini ya sifuri, na ili iyeyuke inahitaji joto, nalo inalinyang'anya kopo. Joto lenyewe ni kubwa: kuyeyusha kilo moja ya barafu kunakula joto sawa na la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Kwa chumvi kilo moja kwenye barafu kilo tatu, ndoo inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo friji yako ya Pasua haioni ndani.

Kwa lita moja ya mchanganyiko beba barafu kilo nne na chumvi ya mawe kilo moja na robo. Mkiwa watu ishirini fanya mara mbili. Barafu igandishe kwenye chupa na makopo siku mbili kabla, au nunua kwa wauza samaki na vinywaji mjini, maana hailiwi, inazungushwa tu nje ya kopo. Ifungeni kwenye gunia, gunia ndani ya sanduku lenye maranda au pumba za mpunga. Itafika juu bila kupungua sana. Mchanganyiko wenyewe upike nyumbani, ulaze friji, uusafirishe ndani ya chupa ya chai iliyopozwa kwa maji ya barafu.

Ukifika, ponda barafu iwe kama kokoto. Chukua ndoo kubwa, weka barafu kidogo chini, simamisha kopo refu la bati au sufuria ndogo ya alumini yenye mfuniko unaobana, ukiwa umelijaza nusu tu. Zungushia tabaka la barafu, konzi ya chumvi, barafu, chumvi, na komea vidole vitatu chini ya mfuniko. Hapo nasisitiza kwa kuwa niliwahi kujaza hadi juu kwenye komunio ya mtoto wa dada yangu, maji ya chumvi yakaingia ndani, nikamwaga lita mbili za aiskrimu watoto wakiwa wamepanga foleni na vikombe mikononi. Sijasahau nyuso zao.

Shika kopo, lizungushe huku na huku bila kusimama, watoto wapokezane. Kila dakika tano fungua, futa mfuniko kwanza, kwangua pembeni kwa mwiko, rudisha katikati. Utaisikia ikibadilika: mwanzoni inapiga kelele za maji ndani ya kopo, baadaye inanyamaza, kisha mwiko unaanza kukwama. Ni kama nusu saa. Ikishika kama mtori mzito, mwaga maji ya chumvi, ongeza barafu na chumvi mpya, funika ndoo yote kwa gunia, na iacheni saa moja na nusu, muda wa kutosha kumaliza kula nyama.

Mtoto asishike barafu yenye chumvi kwa mkono mtupu, inaunguza ngozi kwa baridi. Na maji yale ya chumvi uyamwage barabarani, mbali na kihamba. Bibi yao hatakusamehe ukiyamwaga shinani mwa migomba yake.